Sauti ya Veronika Chini ya Mdundo

Kuna siku moja hunirudia kila nikisikia vijana wakilalamika kwamba mdundo wao haupigi. Ilikuwa mchana wa jua kali hapa Ifakara, miaka ya tisini, na dada yangu Veronika alikuwa amepiga magoti mbele ya spika yangu, sikio limegusa kitambaa cha spika, akijitafuta. Nitaifikia siku hiyo. Mzee akianza kusimulia ana haki ya kuzunguka kidogo, nawe umeshakaa, kwa hiyo tulia.

Nakuita mwanangu, ingawa kwa hesabu ya ukoo wewe ni mjukuu, maana Veronika ndiye aliyemzaa mama yako. Hukumwona. Alifariki wakati mama yako bado anavaa sare za shule ya msingi. Juzi uliniuliza jambo la kawaida kabisa, nifanyeje babu, kiki yangu ipige kifuani, ukanisikilizisha wimbo wako. Nikacheka, nawe ukanuna kidogo, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa namcheka kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa na swali hilohilo na kichwa kigumu kuliko chako.

Kijana huyo alikuwa na chumba kimoja upande wa Lumemo, chenye umeme wa kubahatisha. Ndani ya chumba kulikuwa na kitanda, kinanda cha umeme ambacho kwaya moja ilikichoka baada ya vitufe vitatu kufa, redio kaseti mbili, na spika alizozipachika mwenyewe kwenye kasha la mbao. Kinanda kilikuwa na sauti za ngoma ndani yake. Ule mdundo mzito wa chini, ambao nyinyi mnauita kiki, ulikuwa kwenye kitufe cha mwisho kushoto. Ulitoka mwembamba, kama mtu anayepiga mto kwa kiganja. Nami nilishaingia kwenye disko za mjini nikasikia nyimbo za nje ambazo kiki yake ilitikisa shati mwilini. Nikashikwa na wivu ambao hata leo nauonea aibu.

Tulirekodi kwa shida, lakini kwa raha. Unapiga sehemu ya kwanza, unaiweka kwenye kaseti. Halafu unaicheza kaseti hiyo kwenye redio moja huku unapiga sehemu ya pili, na vyote viwili vinaingia pamoja kwenye kaseti iliyo katika redio nyingine. Ukitaka kuongeza cha tatu unarudia tena. Tatizo ni kwamba kila ukinakili, mvumo wa utepe unapanda na vitu vyororo vinazama. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado halikunisaidia.

Sasa nikuambie habari za Veronika. Alinizidi miaka kumi na miwili, na mama yetu alipofariki alinibeba mgongoni bila kuulizwa na mtu. Kila msimu, kama nusu ya watu wa mji huu, alifunga mlango wa nyumba akashuka bondeni na watoto, kwenye shamba letu la mpunga upande wa Idete, wakakaa kwenye kibanda cha nyasi mpaka mavuno. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na lazima mtu awe juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, tangu kabla jua halijachomoza, na kombeo lake, na debe la kupiga, na sauti. Sauti ndiyo silaha kubwa. Kila mwanamke bondeni alikuwa na wito wake wa kufukuza ndege, na majirani wote walizijua sauti hizo hata kama hawaonani.

Wito wa Veronika aliurithi kwa mama, na ulikuwa wa Kindamba. Ulianza chini, kama anambembeleza mtoto, ukapanda taratibu, ukakaa juu muda mrefu kuliko pumzi ya kawaida ya mtu, kisha ukakatika ghafla. Ukikatika ndipo ndege wanaruka wote kwa pamoja. Maneno yake nimeyasahau nusu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma. Nusu iliyobaki nikijaribu kuiimba hutoka kwa sauti yangu, na sauti yangu haina kazi hapo.

Nikapata wazo kwamba wito ule ukikaa juu ya mdundo wa disko, hakuna wa kunishinda kuanzia Mlimba mpaka Ifakara. Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo naamini lilikuwa wazo zuri.

Karibu na soko alikuwepo fundi redio, Mzee Athumani, mtu wa pwani aliyekuja Ifakara kijana akazeekea hapahapa kwenye meza yake ya waya na risasi ya kuchomelea. Nilipomwamkia na kumweleza nia yangu, aliinama chini ya meza akatoa kaseti moja mpya, ya utepe mzito, ambayo usingeikuta kwenye maduka yetu.

"Hii inabeba besi bila kukohoa," alisema. "Lakini sikiliza. Mrekodi dada yako kwanza, mfanyie nakala, uiweke mbali. Ndipo uanze michezo yako."

Nikaitikia ndiyo mzee, kwa ile sauti ya kijana ambaye miguu yake imeshatoka mlangoni.

Nilishuka Idete na baiskeli, redio nimeifunga nyuma kwa mpira, mawe sita mapya ya redio mfukoni. Asubuhi nikapanda dungu pamoja na dada. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mpunga. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikamwelekezea redio, naye akaita kama alivyokuwa akiita kila siku, hakunitazama hata mara moja, macho yake yalikuwa kwa ndege. Aliita nusu saa nzima. Alipomaliza akakohoa, akasema, "Haya, umeshakula sauti yangu, sasa shuka ukachote maji." Sauti hiyo nayo iliingia kwenye kaseti, pamoja na kicheko changu.

Kabla sijaondoka nilifanya jambo moja la akili. Nyuma ya kila kaseti kulikuwa na vijino viwili vya plastiki, na ukivivunja, redio hukataa kurekodi juu ya kaseti hiyo. Nikavivunja kwa ncha ya kisu, pale pale kwenye kibanda cha dada, ili sauti yake isifutike kamwe. Nakala nilisema nitaifanya nikifika mjini.

Mjini nikakuta hamu ya mdundo inanisubiri. Nikaanza kupachika. Wito chini, kinanda juu yake, kisha kiki, kisha besi. Kiki ikawa haipigi. Nikaongeza sauti, ikawa kubwa na bado haipigi. Nikaongeza kiki nyingine juu ya ile ya kwanza, ikawa kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Nilifika mahali pa kupiga teke kasha la spika na kulirekodi teke lenyewe. Majirani walivumilia sana, Mungu awalipe.

Nikaipeleka kaseti kwa Mzee Athumani. Alisikiliza amefumba jicho moja, akazima.

"Kiki yako haina udhaifu," alisema. "Ina mkia mrefu. Inapiga halafu inaburuta, pigo la pili linakuta la kwanza bado halijaondoka. Kata mkia. Na besi umeiachia iimbe moja kwa moja. Inyamazishe kiki inapopita, ikishapita irudi."

"Nikipunguza vitu si nguvu itapungua, mzee?"

"Kajaribu. Na dada yako mbona yuko mbali hivyo?"

Nikasema atasogea nikimaliza. Njiani nikawa nanung'unika moyoni, mzee huyu kazoea taarabu, disko atalijulia wapi. Nilikuwa na dharau ya watu wa umri ule, mwanangu, dharau ambayo haina hata ubaya ndani yake, ina upofu tu. Nikaenda nyumbani nikafanya kinyume cha kila alichoniambia. Sikukata, niliongeza. Sikunyamazisha, nilipandisha mpaka mwisho.

Kaseti zangu za sokoni zilikuwa zimerekodiwa na kufutwa mara nyingi mno, zikawa zinapasuka sauti kila kiki ikigonga. Nilihitaji utepe unaobeba besi. Na katika chumba kile utepe wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu.

Sitaki kujitetea. Nilikaa kitandani nikiishika kaseti ile, nikajiambia kwamba sauti ya dada imeshaingia kwenye zile nakala nilizopachika, haipotei. Nikajiambia kwamba hata ikipotea, yeye mwenyewe yupo, nitashuka Idete nimrekodi tena siku yoyote nikitaka. Nikachana kipande cha karatasi ya daftari, nikakikunja, nikaziba vitundu vya vile vijino nilivyovivunja kwa mkono wangu. Redio ikadanganyika. Nikarekodi.

Na kiki ikapiga. Lazima niseme ukweli, ilipiga kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya. Kikombe kilitembea juu ya meza. Wiki ile ile disko la mjini likauchukua wimbo, na baada ya siku chache watu wa Mchombe walikuwa wanauulizia. Nikaanza kuitwa Beno Mdundo barabarani, nami nikawa naitika na kichwa kimeinuka. Furaha ile sitaikana, ilikuwa furaha ya kweli.

Mavuno yalipokwisha Veronika akarudi mjini na magunia yake. Alisikia sifa kabla hajafika kwangu, akaja mchana huohuo na kanga yake ya shambani bado imejaa vumbi la mpunga. Nikamketisha, nikafungulia. Alicheza mabega kidogo, akatabasamu, kisha tabasamu likawa linasubiri.

"Ngoma nzuri, mdogo wangu," alisema. "Nilidhani umeniweka na mimi."

"Umo, dada. Sikiliza vizuri."

Ndipo akapiga magoti mbele ya spika. Akaweka sikio pale kwenye kitambaa, mkono mmoja ameshika kasha lisitikisike, na kila kiki ilipogonga alifumba macho. Akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akainuka, akajipangusa magoti.

"Labda masikio yangu yamejaa vumbi," alisema, akaniuliza kama nimekula.

Hakukasirika, mwanangu. Angenikasirikia ningepata pa kuushikia mzigo ule. Aliniamini mimi kuliko masikio yake.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Athumani na kaseti. Nilitaka aniambie kwamba dada amekosea. Alisikiliza mpaka mwisho, na mara hii hakufumba jicho.

"Kiki umeipata," alisema. "Kaseti ya kwanza iko wapi?"

Akaigeuza ile aliyoishika, akaona karatasi. Alichukua bisibisi ndogo, akakichokoa kile kipande cha daftari taratibu, akakiweka juu ya meza mbele yangu.

"Hivi vijino ulivivunja siku ulipokuwa unamheshimu dada yako," alisema. "Karatasi umeiweka siku ulipokuwa unajitazama mwenyewe. Nenda kamwombe radhi, umwombe akuitie tena. Usilale juu ya hilo."

Nikamwomba. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Beno, ndege wako wapi?" Wito ule haukuitwa mjini. Haukuitwa hata shambani kama mpunga haujatia maziwa. Mama alimwonya tangu akiwa mdogo kwamba anayeita ndege hawapo anawaalika kabla ya wakati, na Veronika hakuwa mtu wa kuvunja neno la mama kwa ajili ya redio. Akanishika bega. "Msimu ujao njoo na mawe yako mapya. Nitakuitia mpaka uombe nikome."

Msimu ukafika, akashuka mzima, amebeba sufuria kichwani na anatania watu njiani kama kawaida yake. Mimi nikabaki. Disko la huku linaniita, la kule linaniita, kila mtu anataka mdundo wa Beno. Alinitumia salamu na mtu wa baiskeli kwamba mpunga unakaribia kutia maziwa, niende. Nikajibu nitashuka Jumamosi.

Ijumaa mchana walimleta amekalishwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa shemeji asianguke. Homa ilikuwa imempanda tangu siku tatu nyuma. Alikaa siku nne hospitali. Siku ya pili aliniuliza kama ndege wameshaingia shambani. Nikasema bado. Akasema basi bado tunao muda. Siku ya nne tukamrudisha nyumbani, na ukoo mzima ulikuwa umeshafika.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimewazika wengi, lakini ninamkumbuka dada yangu kwa namna ambayo haijapungua hata kidogo. Kila msimu mpunga ukitia maziwa nashuka Idete, hata kama sina kazi huko. Nasimama kwenye tuta asubuhi. Siku hizi watu wamefunga kanda za plastiki zinazovuma kwa upepo, na wengine wanapiga filimbi. Nasikiliza tu, kisha narudi.

Sasa nikujibu swali lako, maana umelingoja kwa adabu. Kiki ikipungukiwa, usianze kwa kuongeza. Kwanza kata mkia wake, iwe fupi, iondoke kabla mwenzake hajafika. Besi ifundishe kurudi nyuma kila kiki inapogonga. Punguza yale matope ya katikati, yale yanayofanya sauti itoke kama kwenye pipa. Acha mwanzo wa pigo uwe mkali, kwa sababu kifua husikia mwanzo, hakisikii urefu. Usirundike kiki tatu juu ya kiki moja. Na ukishaipata, ishushe kidogo tena, mpaka uweze kumsikia anayeimba akivuta pumzi. Ukimsikia akivuta pumzi, basi ujue umefika. Haya yote Mzee Athumani aliniambia kwa maneno machache mchana mmoja, nami nikayajaribu kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata msiba. Yalifanya kazi siku hiyohiyo.

Jambo la pili halina ufundi. Nenda kwa mama yako leo. Nenda kwa baba yako, kwa shangazi zako, kwa huyu babu anayekuchosha. Warekodi wakiwa wanasema mambo ya kawaida, wakiwa wanagombeza kuku. Weka nakala mbili, moja usiiguse hata kazi ikikudai vipi. Na mtu akikuitia jambo lenye msimu wake, mwanangu, acha kila kitu ushuke. Usimwambie Jumamosi.

Lipo jambo moja sijakuambia. Ile kaseti ya wimbo wangu uliyoniomba uiingize kwenye kompyuta, ukaniambia kuna kosa katikati, pahali kiki imeruka pigo moja, ukataka kuniwekea pigo hilo ili pengo lijae. Nilikuzuia bila kukueleza. Ni kweli kidole changu kiliteleza siku ile. Kiki ya pili niliipachika kwa kuifuata ya kwanza kwa sikio, kwa hiyo ya kwanza ilipokosa, nami nikakosa, na besi nayo ikasita. Nilijilaumu mno, lakini utepe ulikuwa unakwisha, nikaliacha. Pigo moja tu, mwanangu, halitoshi hata kusema jina la mtu. Vaa zile spika za masikioni, ongeza sauti, ufike hapo, usikilize. Kuna mwanamke yuko juu kabisa ya wito wake, karibu kuukata. Huyo ndiye bibi yako. Katika wimbo wote ule, pahali pekee nilipokosea kupiga ndipo pahali pekee alipobaki.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira. Akupe watu wa kukuimbia, na akupe siku za kutosha kuwasikiliza wakiwa hai. Kazi yako isikike mbali, na wanaokupenda wasihitaji kupiga magoti kujitafuta ndani yake. Amina.